Neno la Karani: Ahadi na Malipo



Juma lililopita niliwaandikia juu ya kutunza vyeti vya ubatizo. Wengine wenu mlinipigia simu kushukuru, na bwana mmoja alinipigia kunilaumu, maana cheti chake kilikwisha liwa na mchwa kabla gazeti halijamfikia. Pole sana, bwana. Njoo ofisini, jina lako limo kitabuni. Leo nina habari nyingine. Imenikaa moyoni siku nyingi, na kwa kweli nimesitasita kuiandika, kwa sababu mwisho wake unanigusa mimi mwenyewe.

Mwajua ya kuwa mimi ni karani wa parokia hapa Singe, kando ya mji wa Babati. Naandika ubatizo na ndoa, napokea zaka na kutoa stakabadhi, napiga chapa matangazo ya Dominika. Basi mwezi uliopita Baba Paroko aliniita akasema, "Karani, toa lile daftari la ahadi. Andika orodha safi, tuisome mbele ya watu Dominika ijayo." Daftari hilo tulilifungua miaka mitatu iliyopita, siku ya harambee ya kumalizia kanisa la kigango. Ni daftari kubwa la jalada gumu, nami nimelipiga mistari kwa rula kila ukurasa, kama tulivyozoezwa chuo cha ualimu. Safu ya kwanza ni JINA. Ya pili ni AHADI. Ya tatu ni ALICHOTOA. Ya nne ni BAKI.

Nilikaa nalo tangu saa tatu asubuhi hata saa tisa mchana, chai ikapoa mezani.

Kama hujapata kuwa karani, nikuambie jambo ambalo kila mwenye daftari hulijua, awe wa kanisa, wa chama cha kuweka na kukopa au wa kamati ya mazishi. Safu ya pili hujaa kwa siku moja. Siku ile ya harambee palikuwa na kwaya, palikuwa na mnada wa kuku, na kila aliyesimama kutaja ahadi yake akina mama walimpigia vigelegele. Safu ya tatu haina kwaya. Hiyo hujazwa siku za kazi, na mtu mmoja mmoja, anayeingia ofisini kimya na kutoa noti zilizokunjwa katika pembe ya kitenge.

Nitawasimulia mistari michache, bila kutaja mtu.

Yuko bwana mmoja aliyeahidi mabati 40. Ametoa mawili. Msicheke. Nilikuwapo aliposema, na sauti yake ilitetemeka. Siku ile alisema kweli, alikuwa tayari hata kuvua koti. Lakini siku ile ilipita. Kesho yake alikuwa na ada za watoto, kesho kutwa alikuwa na ng'ombe mgonjwa, na mwezi wa pili alianza kupita njia ya nyuma asikutane nami.

Yuko bibi mmoja aliyeahidi debe moja la mahindi kila mavuno. Mwaka wa kwanza, debe. Mwaka wa pili, debe. Mwaka wa tatu mvua ilimkatili, akaja na nusu debe ya mbaazi na kuku mmoja amefungwa miguu. Nikaanza kuandika "mahindi" ili hesabu isinisumbue. Akanishika mkono. "Mwalimu, mwanangu, andika mbaazi. Nisije nikasema uongo katika kitabu cha kanisa." Nikaandika mbaazi na kuku, safu ikaniharibikia, sikujali.

Tena yuko fundi mwashi ambaye jina lake halimo kabisa. Siku ya harambee alikaa nyuma, hakusimama. Nadhani alikuwa hana kitu mfukoni, akaona haya. Lakini tangu hapo kila Jumamosi asiyokuwa na kibarua huja kigangoni na mwiko wake, hufanya kazi mpaka adhuhuri, hunywa uji, huenda zake. Nilimwambia nimwandike. Akajibu, "Mimi sikuahidi, utaniandika wapi?" Nikatazama mistari yangu, nikaona ni kweli, sikuwa na mahali pa kumweka. Mtakumbuka wale ndugu wawili wa Injili: mmoja alimwambia baba yake naam nakwenda, wala hakwenda, mwingine alikataa, kisha akajuta akaenda shambani. Nimelisikia Injili hiyo mara nyingi kanisani. Sikupata kuiona imeandikwa kwa hati yangu mwenyewe.

Basi siku ile nilijiuliza swali ambalo labda nawe umejiuliza usiku, taa ikiwa imezimwa. Mtu aliyefanikiwa ni nani? Na utele ni kitu gani?

Hapa kwetu jibu la haraka lajulikana. Aliyefanikiwa ana nyumba ya bati la rangi, ana pikipiki au mbili za kukodisha, ana kiwanja karibu na barabara ya lami, na watoto wake wasoma shule za kulipia. Siwadharau watu hao. Wengi wao wamefanya kazi sana, na bati la rangi hata mimi nalitamani. Lakini kipimo hicho chatazama mwisho tu. Hakiulizi mtu alikusudia nini, wala alifanya nini kila siku kufikia hapo. Tena mtu akifa kesho, au soko likianguka, kipimo chote chavunjika.

Vijana wetu nao wameletewa jibu jingine katika simu. Humo wapo wasemaji waliovaa suti wanaofundisha kwamba utajiri ni nia tu: jione tajiri, sema wewe ni tajiri, funga macho uone gari, na gari litakuja. Kijana mmoja wa jumuiya yetu ameandika ukutani, juu ya kitanda, idadi ya mamilioni atakayokuwa nayo. Mama yake alinionyesha. Alikuwa amechoka, alikuwa ametoka kuchota maji ambayo kijana yule angeweza kuchota. Penye nia pana njia, walisema wazee, nao hawakukosea. Lakini njia ya kutoka hapa kwenda mjini Babati ipo tangu zamani, wala haijapata kumbeba mtu aliyelala.

Wapo na wa upande wa pili. Hao ni watu wa kazi usiku na mchana, ila ukiwauliza kazi hii ni ya nini, wanakutazama kana kwamba umewatukana. Kwa habari yao nawaombeni mkumbuke mbaazi za mwaka 2017.

Sisi watu wa Babati ni watu wa mbaazi. Twazipanda pamoja na mahindi katika shamba moja. Mahindi hutangulia kuvunwa, nazo mbaazi hubaki zimesimama, zikachanua na kuzaa wakati wa kiangazi mimea mingine imekwisha kauka. Nyingi hatuzili sisi. Zilikuwa zikinunuliwa na kupelekwa India, ambako huzikoboa na kuzipika karibu kila siku. Miaka ya 2015 na 2016 bei ilipanda sana. Mtu akaona jirani amenunua pikipiki kwa mbaazi, naye akalima mbaazi. Mwingine akamwona huyo, akakodi ekari tatu zaidi kwa fedha ya mkopo. Hakuna aliyekuwa mvivu! Walilima, walipalilia, walivuna. Kisha mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya India, ambayo wakulima wake walikuwa wamevuna kwa wingi, iliweka kikomo: tani 200,000 tu za mbaazi ziingie nchini mwao kwa mwaka. Huku kwetu bei ilianguka kama jiwe kisimani. Wako walioacha mbaazi zikapukutika shambani, maana gharama ya kuvuna ilizidi bei.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa watu wengi hukosea. Wengine husema waliopata hasara walikuwa wajinga. La. Hakuna mkulima wa Singe aliyeweza kujua yatakayoamuliwa India. Nisemalo mimi ni jingine. Kijiji kimoja, mwaka mmoja, bei moja, nyumba mbili ziliumia tofauti. Nyumba ya kwanza ilipanda mbaazi kwa sababu jirani alipanda. Nia ilikuwa ya jirani, jasho tu ndilo lilikuwa lao. Bei ilipoanguka hawakubaki na sababu yoyote ya kuwa na shamba lile. Waling'oa kwa hasira, wakaapa. Nyumba ya pili ni ya mama mmoja mjane ambaye tangu zamani hupanda mistari yake ile ile, bei ikipanda au ikishuka. Nilimwuliza kwa nini hakuacha. Akanihesabia kwa vidole: watoto hula, vijiti ni kuni za miezi, majani huanguka yakawa mbolea, na mahali palipokuwa na mbaazi mwaka huu, mahindi ya mwaka ujao huwa na rangi. Mama huyu hakusoma chuo chochote cha kilimo, lakini asemayo ni kweli kabisa, maana mizizi ya mbaazi huenda chini sana, na jamii yake ya mimea huirudishia ardhi chakula kile ambacho mahindi hukimaliza. Mwaka ule hakupata fedha, na alinung'unika kama sisi sote. Ila hakupoteza alichokusudia. India ilifungua mlango tena mwaka 2021, ikamkuta na mistari yake pale pale.

Ndipo nikaanza kuona utele kwa jicho jingine. Utele wa mama yule haukuwa gunia lililouzwa. Ulikuwa yale yaliyobaki shambani na jikoni baada ya soko kumkataa.

Wenzetu wa vijiji vinavyozunguka msitu wa Duru-Haitemba, katika wilaya yetu hii hii, waliliona jambo hilo mapema kuliko sisi. Miaka ya mwanzo ya 1990 msitu ule wa miombo, wa hekta kama 9,000, ulikuwa mbioni kufanywa hifadhi ya Serikali. Wanavijiji hawakutaka, walisema msitu ni wao. Maneno hayo ni rahisi kusema. Wakati huo huo kila mtu alikuwa akiingia na shoka lake, tena kwa haraka, asije akakuta kimebaki kisiki. Wakapewa nafasi ya kuonyesha. Mwaka 1994 na 1995 vijiji vinane vikagawana mipaka, vikajiwekea sheria ndogo, vikachagua vijana wa kulinda kwa zamu, na kumtoza faini mwenzao waliyekunywa naye chai jana. Jambo hilo la mwisho ndilo gumu, mwalijua. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaja ikatoa nafasi ya misitu ya vijiji nchi nzima, na habari za Duru-Haitemba zikatajwa mbali. Ule msitu haujaning'iniza pikipiki mlangoni kwa mtu. Lakini maji, asali, nguzo za nyumba na malisho ya mwaka wa ukame, hivyo utaviandika katika safu gani?

Nimekwenda mbali na daftari. Nirudi, maana nimekuwa nikilikimbia.

Ukurasa wa sita, mstari wa 12, lipo jina ambalo sikulitaja. Ahadi: mifuko 10 ya saruji. Alichotoa: hakuna. Baki: mifuko 10. Jina hilo ni langu.

Nitawaeleza lilivyofika hapo. Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 2016, nikiwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Nikangoja ajira. Mwaka ukapita, na mwingine. Niliomba kila zilipotangazwa, na kila majina yalipotoka nilikwenda kwa mwenye simu kubwa, nikatafuta jina langu mpaka macho yakauma. Parokia ikanipa kazi hii ya ukarani, nami naipenda, sisemi uongo. Lakini hapa Singe watu wameendelea kuniita Mwalimu, na kila waniitapo hivyo kitu kidogo chanichoma, kama mwiba uliovunjikia ndani. Siku ile ya harambee kulikuwa na habari kwamba ajira mpya zaja. Nilikuwa na hakika. Basi zamu yangu ilipofika nikasimama, nikasikia akina mama wanaita, "Mwalimu! Mwalimu!" nikasema mifuko 10. Vigelegele vilikuwa vingi.

Majina yalipotoka, langu halikuwamo.

Nikajiambia: hapana neno, nitakapoajiriwa nitalipa yote kwa mara moja, tena nitaongeza. Mwaka ukaisha nikasema vile vile. Kutoa mfuko mmoja niliona ni aibu. Mtu aliyesema kumi alete mmoja? Heri asubiri alete kumi. Hivyo ndivyo nilivyopita miaka mitatu bila kuleta hata kibaba, huku nikiwaandikia wenzangu barua za kuwakumbusha, kwa hati nzuri na mhuri wa parokia.

Na sasa lililo baya zaidi. Siku ile nilipokuwa nikinakili orodha safi, nilipofika ukurasa wa sita niliandika mstari wa 11, kisha nikaandika wa 13. Hakuna aliyeniona. Kalamu ilikwenda yenyewe, kama farasi anayeijua njia. Nikaendelea mpaka ukurasa wa nane ndipo nikaweka kalamu chini.

Kilichonizuia si wema wangu. Nilikumbuka somo nililofundisha. Tulipokuwa chuoni tulipelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi, nami nikapewa darasa la tano. Niliwafundisha habari za John Stephen Akhwari. Huyu ni mtu wa Mbulu, jirani zetu, mkoa mmoja na jimbo moja nasi. Watoto waliipenda habari hiyo hata wakataka irudiwe, na mwalimu wa darasa akaniandikia alama nzuri.

Ninyi wazee mwaijua, lakini wapo vijana wasioijua. Mwaka 1968, tarehe 20 Oktoba, Akhwari alikimbia maratoni ya Michezo ya Olimpiki katika mji wa Mexico kwa niaba ya Tanzania. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Misuli ilimkaza. Kisha, kabla ya kufika nusu ya njia, wakimbiaji walisongana wakigombea nafasi, akaanguka. Goti lilitenguka na kuchanika, bega likagonga barabara. Walioanza mbio siku ile walikuwa 75. Waliomaliza ni 57. Wengine wote waliacha njiani, na wala hakuna aliyewalaumu. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akapewa medali yake. Watu wakaanza kurudi makwao, jua likatua. Ndipo, zaidi ya saa nzima baadaye, akaingia uwanjani mtu mmoja, mguu umefungwa bandeji, mara akichechemea, mara akijaribu kukimbia. Watu wachache waliobaki wakasimama wakampigia makofi mpaka mwisho. Saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Wa mwisho katika wote waliomaliza. Walipomwuliza kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mashindano, ilimtuma akayamalize.

Darasani nilisema kwamba hilo ndilo funzo la uvumilivu, watoto wakaandika "uvumilivu" katika madaftari. Sasa naona sikulielewa vizuri. Akhwari hakuwa mkimbiaji wa kubahatisha. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Mtu wa namna hiyo haendi Mexico kwa ajili ya kuwa wa mwisho. Nia yake kubwa ilivunjika pale barabarani pamoja na goti. Angeweza kusema kama nilivyosema mimi: kwa kuwa siwezi tena lile kubwa, basi nangojea. Yeye alitazama kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa mguu mmoja mzima na kilomita zaidi ya ishirini. Akakifanya hicho.

Mwaka 1983 alipewa nishani ya taifa, na dunia imemkumbuka kuliko inavyowakumbuka wengi waliomtangulia siku ile. Lakini sidhani alilijua hilo alipokuwa akichechemea gizani. Siwaambii haya ili mdhani kuwa wa mwisho ni bora kuliko kuwa wa kwanza. Alphonce Simbu wa kwa majirani zetu wa Singida aliposhinda maratoni ya dunia kule Tokyo mwezi wa Septemba 2025, kwa tofauti ya nukta tatu tu za mia ya sekunde, hapa Singe tulipiga kelele hata mbwa wakabweka, na ilikuwa haki. Naye, tukumbuke, alikuwa wa tano kule Rio mwaka 2016, na wa tatu kule London mwaka 2017. Miaka yote ile ya katikati aliamka asubuhi akakimbia, bila kwaya.

Basi jioni ile nilikwenda nyumbani na daftari kwapani. Mke wangu alikuwa akipepeta maharage. Nikamweleza yote, hata habari ya mstari wa 12 nilioruka. Hakustuka, hata kidogo. Wake wa makarani hujua mengi. Aliendelea kupepeta, kisha akaniuliza:

"Baba watoto, ile mifuko kumi uliahidi wewe, au aliiahidi yule mwalimu wa serikali?"

Nikasema, "Ni nani huyo?"

"Yule unayemngoja. Maana yeye hayupo hapa nyumbani, sijapata kumpikia. Wewe ndiye uliyepo. Wewe una nini?"

Wasomaji wapenzi, nilimaliza chuo cha ualimu, na hakuna mkufunzi aliyepata kuniuliza swali gumu hivyo. Nilikuwa nimeahidi kwa mfuko wa mtu mwingine, mtu niliyemtunga mwenyewe, kisha miaka mitatu nikakasirika kwa kuwa hakuja kulipa. Nia yangu haikuwa mbaya. Ilikuwa kubwa kuliko mkono wangu tu, na kwa sababu hiyo mkono ukakaa bure.

Tulihesabu tulichonacho. Tulikuwa na mbaazi madebe manne tuliyoweka ghalani kungojea bei. Tukatoa mbili za chakula, tukaacha moja ya mbegu na dharura, moja tukaipeleka sokoni siku ya pili yake, mke wangu akiwa ndiye msemaji maana mimi bei huniponyoka. Fedha iliyopatikana, tukaongeza na ile niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya vocha za simu, ikatosha mfuko mmoja wa saruji. Nikaupakia kwenye baiskeli, nikaupeleka kigangoni mwenyewe, jua kali, shati likiwa jeupe kwa vumbi la saruji. Kisha nikarudi ofisini nikatoa stakabadhi kwa jina langu. Nikaandika orodha upya tangu mwanzo, karatasi zote nane.

Nilimwomba Baba Paroko ruhusa ya kuongeza safu. Sasa baada ya BAKI ipo ya tano, nimeiandika KAZI NA VINGINEVYO, na humo nimemwandika fundi mwashi Jumamosi zake zote nilizoweza kukumbuka, ijapokuwa alikataa. Kuku wa yule bibi naye amepata mahali pake.

Dominika orodha ilisomwa. Msomaji ni mimi mwenyewe, ndiyo kawaida. Nilipofika ukurasa wa sita, sauti ilitaka kupita haraka, nikaizuia. Nikasoma jina langu lote, nikasoma: ahadi, mifuko kumi, ametoa mfuko mmoja, baki, tisa. Kanisa lilikuwa kimya, mtoto tu alilia huko nyuma. Baada ya Misa, yule bwana wa mabati 40 alinifuata mpaka chini ya mti. Nilidhani anakuja kunicheka. Aliniuliza kama ofisi hupokea bati moja moja. Nikamwambia hupokea, Jumatatu mpaka Ijumaa, kuanzia saa mbili.

Ule mfuko wangu fundi aliufungua Jumamosi iliyofuata. Nilikuwapo, nikimchotea maji. Ilipofika saa sita ulikuwa umekwisha, na sakafu ilikuwa imetoka mlangoni ikaingia ndani kiasi cha upana wa mikeka miwili.

Karani wenu,
Singe, Babati